Ruta haioni kebo ya WAN, lakini laptopu ikichomekwa kebo ileile inapata intaneti. Ubovu uko wapi?

#1 Mpangaji_Juu

Heshima kwenu wakuu. Boksi la faiba la mtoa huduma liko nyumba ya chini. Kutoka hapo imevutwa kebo ya mtandao, kama mita 38, imepita nje ya ukuta na kupanda hadi chumba cha juu, ilipo ruta mpya ya bendi mbili. Ina tundu moja la WAN la buluu (la kuingizia intaneti) na LAN nne za njano (za vifaa vya ndani), zote gigabiti.

Hali ilivyo:
- Taa ya WAN imezima kabisa. Ukurasa wa ruta unaandika "WAN port is unplugged".
- Kebo ileile ikihamishiwa kwenye laptopu, intaneti inapatikana.
- Testa ya kebo, ile ya taa nane, inapita 1 mpaka 8 kwa mfuatano, hakuna namba iliyoruka.
- Simu zinashika Wi-Fi ya ruta vizuri, ila intaneti hakuna.

Je, ruta ni mbovu irudishwe dukani? Muda wa kurudisha ni siku saba na nne zimeshapita.

#2 Riseti_Kwanza

Mkuu chukua sindano, bonyeza kile kitobo cha nyuma sekunde 10 hadi taa zote ziwake kwa pamoja. Halafu anza upya. Asilimia kubwa ya ruta hupona hapo.

#3 FundiKoleo

Sindano iweke kando kwanza. Kuriseti kunafuta mipangilio, hakugusi waya. Na kama mtoa huduma wako anatumia PPPoE, yaani ruta kuingia kwa jina na nywila, ukifuta bila kuandika jina la mtumiaji na nywila umejiongezea kazi ya kupiga simu huduma kwa wateja.

Kuna magonjwa mawili watu huyaita jina moja. La kwanza: ruta haioni kebo, yaani taa ya WAN haiwaki hata kidogo. Hilo ni la umeme na waya: kichwa (plagi ya ncha ya kebo), kebo, tundu, adapta. La pili: ruta imeiona kebo, taa inawaka (ruta nyingi huwa rangi ya chungwa), ila intaneti haiji. Hilo ni la mipangilio: PPPoE, anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa), anwani za IP kugongana. Wako ni la kwanza. Ukianza kuchezea PPPoE wakati taa imezima, unabishia mlango ambao haujafungwa kwa ufunguo, umefungwa kwa misumari.

Ila nimtendee haki mkuu wa #2: ipo mipangilio miwili inayoweza kuua tundu la WAN. Mmoja ni ruta kuwekwa hali ya "Access Point", ambapo kwenye modeli nyingi tundu la WAN hugeuka LAN ya kawaida na ukurasa hauoneshi WAN tena. Mwingine ni kasi ya tundu kulazimishwa, mfano 10 au 100, badala ya kuachwa "Auto". Ruta mpya hutoka kiwandani ikiwa sawa kwa yote mawili, kwa hiyo kwako siamini.

Tuletee majibu ya vitu vinne, tusikisie:

1. Laptopu ikiwa kwenye hiyo kebo inaunganika kwa kasi gani? Kwenye Windows fungua PowerShell uandike `Get-NetAdapter`, soma safu ya LinkSpeed. Linux ni `ethtool eth0`, jina la kadi libadilishe kadiri ya mashine yako. Pia sema kadi yenyewe ni ya 100 au ya 1000.
2. Chukua kebo fupi iliyotoka kwenye boksi la ruta. Upande mmoja chomeka WAN, upande wa pili LAN1 ya ruta hiyohiyo. Ngoja sekunde tano uangalie taa, kisha chomoa. Usiiache, maana ruta itajaribu kujigawia anwani yenyewe.
3. Ile kebo ndefu ichomeke LAN1 badala ya WAN. Taa ya LAN1 inafanyaje?
4. Angalia kupitia plastiki ya vichwa, pande zote mbili, utaje rangi za nyaya kuanzia pini 1. Kilimi kiwe chini, meno ya dhahabu yakutazame, kebo ikija upande wako: pini 1 iko kushoto.

#4 Bi_Faiba

Naongeza upande wa boksi la faiba, maana watu husahau kuwa kebo ina ncha mbili.

Taa ya LOS ikiwa nyekundu, tatizo ni la faiba yenyewe na ruta haina kesi. PON ikiwaka imara, faiba ni nzima. Sasa tazama taa ya LAN kwenye boksi pale ilipochomekwa kebo yako: inawaka wakati kebo iko kwenye ruta, au wakati iko kwenye laptopu tu?

Jingine, maboksi mengi yana LAN mbili hadi nne na si zote zinatoa intaneti. Mtoa huduma anaweza kuifunga moja au kuitengea televisheni. Tundu la televisheni litawasha taa bila kukupa intaneti, lililofungwa halitawasha chochote. Kwa kuwa laptopu imepata, la kwako ni sahihi. Usilihamishe katikati ya uchunguzi, utachanganya ushahidi.

#5 Mpangaji_Juu

Asanteni. Majibu haya hapa:

1. LinkSpeed 100 Mbps. Kadi ya laptopu ni ya gigabiti.
2. WAN na LAN1 kwa kebo fupi: taa zote mbili zimewaka ndani ya sekunde tatu.
3. Kebo ndefu kwenye LAN1: taa inawaka kufumba na kufumbua, inazima, baada ya sekunde chache inarudia. Nilipotulia kutazama, hata WAN inafanya hivyohivyo, ila kwa haraka sana.
4. Rangi pande zote mbili: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, kijani, buluu-nyeupe, buluu, kahawia-nyeupe, kahawia.

Taa ya LAN kwenye boksi: kwa laptopu inawaka, kwa ruta inamemeka kama hivyo.

#6 FundiKoleo

Ruta usiirudishe, ni nzima. Jibu la 2 limeisafisha na jibu la 4 limemtaja mwizi.

Rangi zako zimepangwa jozi kwa jozi kama kwenye kebo, inapendeza macho, lakini huo si mpangilio. Kipimo cha T568B, yaani mpangilio rasmi wa rangi, ni hiki:

1 chungwa-nyeupe
2 chungwa
3 kijani-nyeupe
4 buluu
5 buluu-nyeupe
6 kijani
7 kahawia-nyeupe
8 kahawia

Ona pini 3 na 6. Vifaa vya mtandao huzitumia kama jozi moja, ingawa hazikai jirani. Kwa hiyo waya wa pini 3 na wa pini 6 lazima wawe wamesokotwa pamoja ndani ya kebo. Kwako pini 3 ni kijani-nyeupe na pini 6 ni buluu, nyaya za misokoto miwili tofauti. Pini 4 na 5 nazo zimeharibika vivyo hivyo. Mafundi huita jozi iliyopasuliwa.

Testa haiwezi kuona hilo. Inapeleka umeme kwenye waya wa 1 na kuuliza kama umefika 1, basi. Haijui nani kasokotwa na nani. Kwa testa kebo yako ni nzima, na haidanganyi, ila imejibu swali ambalo hatukuuliza.

#7 Kebo_ni_Kebo

Hapo sikubali. Rangi ni rangi tu, shaba ni ileile. Mradi upande huu na upande ule zimefanana, data inapita. Kebo za namna hiyo zipo kibao na zinapiga kazi.

#8 Msokoto

@Kebo_ni_Kebo, nusu ya kauli yako ni kweli. Rangi hazina maana. Misokoto ndiyo yenye maana, na rangi ni njia tu ya kuitambua. Ukipanga kahawia mahali pa chungwa pande zote mbili, jozi zikabaki jozi, hakuna kitakachoharibika kwenye mita za nyumbani.

Msokoto kazi yake nini? Kila jozi hubeba ishara moja kwa nyaya mbili, waya mmoja ukipanda mwingine unashuka. Mpokeaji anasoma tofauti kati ya nyaya hizo mbili. Kelele ikiingia kutoka nje inazigusa zote mbili sawasawa kwa kuwa zimezungukana, na tofauti inabaki safi. Ukizitenganisha, waya wa pini 3 unasokotana na waya wa jozi nyingine na kumwagiana ishara njia nzima. Kwenye mita mbili au tatu kelele hiyo ni ndogo, ndiyo maana hizo kebo "kibao" zinapiga kazi. Kwenye mita 38 ni habari nyingine.

Sasa kwa nini laptopu ikubali na ruta ikatae? Vifaa viwili vikikutana, kwanza hupeana habari za uwezo wao kwa mapigo ya polepole, na hayo yanapita hata kwenye kebo mbovu. Boksi linasema naweza 1000, ruta inasema naweza 1000, wanakubaliana. Wakianza 1000 kwa kweli, jozi zote nne zinatumika kwa pamoja, kelele inawazidi, linki inaanguka. Wanaanza tena. Kule kumemeka kwa taa ndiko huko. Kadi nyingi za laptopu zina akili ya ziada: zikishindwa mara kadhaa zinashuka zenyewe hadi 100, inayotumia pini 1, 2, 3 na 6 peke yake. Chipu za ruta nyingine hazishuki, zinang'ang'ania 1000 hadi kesho. Kwa hiyo laptopu kusoma 100 wakati kadi ni ya 1000 si dalili ya uzima. Ni kilio.

Na hata hiyo 100 si salama, pini 3 na 6 bado zimepasuliwa. Pakua faili kubwa uone kasi inavyopanda na kushuka.

#9 Kebo_ni_Kebo

Sawa, hilo la jozi nimelipata. Lakini kwa nini walioweka kipimo wasipange tu 1-2, 3-4, 5-6, 7-8 dunia ikapumzika?

#10 Msokoto

Simu za mezani zilitangulia. Laini ya simu hukaa pini mbili za katikati, 4 na 5, na laini ya pili inazizunguka, 3 na 6. Mpangilio wa kebo za mtandao ukaheshimu hayo, na sisi tumebaki na urithi.

#11 Mpangaji_Juu

Nimeelewa sasa. Koleo la kubania vichwa sina, fundi anapatikana Jumamosi. Kuna njia ya kusukuma siku hizi mbili? Na kwenye kubana, kipi cha kumsimamia asirudie kosa?

#12 FundiKoleo

Ya muda: tafuta switchi ndogo ya tundu tano ya 10/100, si ya gigabiti. Iweke huko juu kando ya ruta. Kebo ndefu iingie kwenye switchi, kebo fupi itoke switchi hadi WAN. Switchi haijui 1000, kwa hiyo boksi halitajaribu 1000, na ruta itaunganika na switchi kwa kebo nzima. Utapata intaneti ya kuunga-unga, lakini pia utakuwa umethibitisha ugonjwa bila kukata waya.

Ya kudumu, mwambie fundi hivi:

Akate vichwa vyote viwili pamoja na sentimita tano hivi za kebo kila upande. Avue ganda la nje sentimita tatu, kwa wembe uliozungushwa taratibu. Ukikandamiza, unakwangua nyaya za ndani na zitakatika siku kebo ikivutwa. Afumue msokoto, anyooshe nyaya, azipange kwa T568B, kisha akate ncha zote kwa mkupuo mmoja zibaki urefu wa milimita 12 au 13. Hapo ndipo mafundi wengi hukosea. Wanaacha sentimita mbili au tatu kwa kuogopa kubakiwa na fupi, matokeo yake ganda linabaki nje ya kichwa na nyaya zinaning'inia zenyewe. Ganda la nje liingie ndani ya kichwa mpaka lipite chini ya kile kibano cha plastiki, maana hicho ndicho kinachobeba uzito.

Asukume hadi ncha nane za shaba zionekane kwenye uso wa mbele wa kichwa. Ukitazama kwa mbele uone vitone vinane vinavyong'aa. Ukiona saba, toa uanze upya kabla ya kubana, kwa sababu kichwa kikishabanwa hakifunguki. Abane kwa nguvu hadi koleo liachie lenyewe. Kisha atazame meno ya dhahabu kwa ubavu, yote nane yawe yamezama sawa. Jino moja likibaki juu halijatoboa waya, na litakuwa linashika leo na kuachia kesho joto likibadilika. Jino lililobaki juu pia hukwaruza na kupindisha vijiti vya ndani ya tundu la ruta, hapo umehamisha ugonjwa kutoka kwenye kebo kwenda kwenye ruta.

Anunue vichwa vinavyolingana na kebo. Nyaya za Cat6 huwa nene kuliko za Cat5e, na kwenye kichwa cha Cat5e zinalazimishwa au hazifiki mwisho. Achukue angalau sita, viwili vya kutumia na vinne vya kukosea.

#13 Winchi_ya_Shaba

Kabla hamjabana vichwa vipya, kwangueni waya mmoja kwa wembe. Ukibaki mwekundu mpaka ndani, ni shaba. Ukigeuka mweupe kama sufuria, ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo lebo zake huandikwa CCA. Kebo hiyo ndiyo iliyojaa madukani kwa sababu ya bei, na boksi lake la mita 305 utalijua kwa kulinyanyua tu, ni jepesi.

Ubaya wake mitatu. Ukinzani wake ni zaidi ya wa shaba kwa kama nusu, kwa hiyo ishara hufika dhaifu. Inakatika kirahisi ikikunjwa mara chache, hasa pale kwenye kichwa. Na alumini ikipigwa hewa ya chumvi kule mwambao, ncha zake hupata utando usiopitisha umeme, kichwa kilichokuwa kizima kinaanza kusumbua baada ya miezi. Kwa mita kumi ndani ya nyumba utavumilia. Kwa mita 38 zinazopita nje, na gigabiti juu yake, tafuta shaba tupu yenye ganda jeusi la nje. Ganda la kijivu la ndani hupasuka kwa jua.

Kikomo cha kebo nzima ni mita 100, kwa hiyo urefu wako wenyewe hauna kosa.

#14 Kisauni_Mtandaoni

Wadau, nimefuata uzi huu kwa makini. Huku kwetu hatuna faiba, ni ule mtandao wa kisahani juu ya paa, kebo inashuka hadi kiboksi kidogo cheusi chenye matundu mawili, kisha ruta. Dalili ni hizohizo, taa ya WAN hamna. Ni kebo tu au?

#15 FundiKoleo

Ndugu, hapo simama kwanza. Hicho kiboksi ni injekta ya PoE, kinapandisha umeme kwa kisahani kupitia kebo hiyohiyo. Tundu lililoandikwa POE ni la kwenda kwenye kisahani. Lililoandikwa LAN ni la kuja kwenye ruta. Kama kebo zimebadilishana, kisahani hakina umeme na ruta inapigwa umeme usiotakiwa.

Ukiona umekosea, chomoa ukutani kwanza, ndipo ubadilishe.

#16 Msokoto

Nifafanue kwa nini ni hatari. PoE ya kipimo rasmi, ile ya 802.3af, kabla ya kutoa umeme hupima kama upande wa pili kuna kifaa kinachoutaka. Isipopata jibu haitoi. Injekta za visahani vingi ni za volti 24 za moja kwa moja, hazimuulizi mtu. Umeme unakaa muda wote, chanya pini 4 na 5, hasi pini 7 na 8.

Nyuma ya tundu la ruta, kila jozi ina rezista ndogo ya omu 75 ya kutuliza ishara. Kwenye bodi nyingi za bei nafuu rezista hizo zinakutana mahali pamoja, kwa hiyo volti 24 zinapita kwenye omu 75 mbili zilizofuatana: 24 × 24 ÷ 150 = wati 3.84, karibu wati mbili kwa kila rezista ambayo haikuumbwa hata kwa robo ya hiyo. Zinaungua kwa sekunde. Tundu lenye harufu ya kuungua huenda halijapigwa na radi, limechomekwa vibaya.

Kama kebo ziko sawa na bado taa hamna: taa ya injekta inawaka? Kisahani kina taa kwa nyuma? Kebo ya kwenda paani ikikatika hata waya mmoja wa 4, 5, 7 au 8, kisahani kinaweza kuwaka nusunusu na kujizima. Hapo testa itakusaidia, lakini chomoa injekta kabla ya kuweka testa.

#17 Kisauni_Mtandaoni

Zilikuwa zimebadilishana. Nimezirudisha, kisahani kimewaka, ila WAN ya ruta bado imekufa. LAN zote zinafanya kazi. Ni kutupa?

#18 Mkono_wa_Rauta

Usitupe. Fanya kwanza ile ya kebo fupi kati ya WAN na LAN1. WAN isipowaka, thibitisha kwa LAN1 kwenda laptopu. LAN ikiwaka na WAN haiwaki, tundu limekufa, lakini ruta bado ina maisha.

Kama kisahani chenyewe kinagawa anwani, yaani laptopu ikichomekwa moja kwa moja kwenye LAN ya injekta inapata intaneti bila kuandika chochote, fanya hivi. Ingia kwenye ruta, badilisha anwani yake ya LAN iwe ndani ya mtandao wa kisahani bila kugongana na mtu. Kwa mfano kisahani kikiwa 192.168.1.1, ruta iwe 192.168.1.2. Zima DHCP ya ruta, yaani kazi yake ya kugawa anwani. Kisha kebo ya injekta ichomeke kwenye LAN yoyote, WAN iachwe wazi. Ruta imekuwa kituo cha Wi-Fi na anwani zinagawiwa na kisahani. Fuata mfuatano huo. Ukizima DHCP kabla ya kubadilisha anwani utajifungia nje.

Kama ni PPPoE inayopigwa na ruta, njia hiyo haifai, unahitaji tundu jingine liwe WAN. Kwenye ruta za MikroTik hili ni jambo la dakika moja, tundu lolote linakuwa WAN:

`/interface bridge port remove [find interface=ether2]`
`/interface list member add list=WAN interface=ether2`
`/ip dhcp-client add interface=ether2 disabled=no`

Kwa PPPoE badala ya mstari wa mwisho weka pppoe-client juu ya ether2, na kwenye orodha ya WAN iingize hiyo pppoe-client badala ya ether2. ASUS nyingi zina ukurasa wa "Dual WAN" unaokuruhusu kuchagua LAN moja iwe WAN. Ruta zinazokubali OpenWrt, programu mbadala ya ruta, nazo zinaweza.

#19 Mlango_wa_Simu

Mimi nauliza kwa faida ya wengine: ruta za mtumba zenye tundu dogo lililoandikwa DSL, kebo ya faiba inaingia humo?

#20 Bi_Faiba

Haiingii. Tundu la DSL ni la waya wa simu, jembamba, na hata ukikuta limechongwa linafanana, ndani kuna modemu ya laini ya simu ambayo haijui kebo ya mtandao. Geuza ruta usome chini ya matundu ya LAN: kama moja limeandikwa LAN4/WAN, chomeka hapo, halafu kwenye mipangilio chagua kwamba intaneti inakuja kwa Ethernet badala ya DSL. Kama hakuna tundu la namna hiyo, itumie kama kituo cha Wi-Fi kwa njia ya #18.

Wenye Starlink nao wasitafute tundu lisilokuwepo: ruta yake ya kizazi cha 2 haina tundu la Ethernet, inahitaji adapta yake ya Ethernet inayouzwa kando. Ya kizazi cha 3 ina matundu mawili ya LAN.

#21 Adapta_12V

Kimoja kimesahaulika: umeme wa ruta yenyewe. Wenye UPS ndogo za ruta, zile za matundu ya volti 5, 9 na 12, soma chini ya ruta inataka ngapi. Ruta ya 12 ukiipa 9 inaweza kuwaka, ikatoa hata Wi-Fi, halafu matundu yakawa yanashika na kuachia. Rudisha adapta yake ya asili ukutani kwa dakika tano kabla hujalaumu kebo.

#22 Mpangaji_Juu

Mrejesho. Fundi amebana upya kwa T568B, vitone vinane nimevihesabu mwenyewe. Waya umekwanguliwa, ni shaba. WAN imewaka na haimemeki. LAN ya boksi nayo imetulia. Laptopu kwenye kebo ileile sasa inasoma 1 Gbps.

Ila taa ya WAN ni ya chungwa, si kijani. Intaneti bado.

#23 FundiKoleo

Hongera, umehama ugonjwa wa kwanza umeingia wa pili. Sasa ndipo mipangilio inapohusika. Fungua ukurasa wa hali ya ruta, soma anwani ya IP ya WAN.

Ikiwa 0.0.0.0, ruta inaomba anwani na haipewi. Watoa huduma wengine hukumbuka MAC ya kifaa cha kwanza walichokiona, na kwako cha kwanza ni laptopu. Zima boksi la faiba dakika kumi hivi, washa boksi kwanza, taa ya PON ikitulia ndipo uwashe ruta. Ikishindikana, chomeka laptopu kwenye LAN ya ruta, nenda kwenye mipangilio ya intaneti, tafuta "MAC Clone" na uchague kunakili ya kompyuta hii. Hakikisha laptopu iko kwa kebo, si Wi-Fi, la sivyo utanakili MAC isiyo yenyewe.

Ikiwa 192.168.1.kitu, angalia anwani ya LAN ya ruta. Kama nayo ni 192.168.1.1, mitandao miwili ina jina moja na ruta haijui mlango wa kutokea. Badilisha LAN iwe 192.168.50.1, hifadhi, iwake upya, uingie tena kwa anwani mpya.

Ruta ikiwa imewekwa PPPoE wakati laptopu ilipata intaneti bila kuandika nywila, irudishe kwenye "Dynamic IP".

#24 Mpangaji_Juu

Ilikuwa 192.168.1.7 upande wa WAN na LAN ya ruta 192.168.1.1. Nimeweka 192.168.50.1, taa imegeuka kijani kabla sijakaa. Simu zote ziko hewani. Ile switchi ya 10/100 nairudisha kwa jirani.

#25 Winchi_ya_Shaba

Kabla hujafunga ngazi: pale kebo inapoingilia ukutani kutoka nje, iache ishuke kidogo chini ya tundu ndipo ipande kuingia, maji ya mvua yadondokee chini badala ya kufuata kebo hadi kwenye ruta. Na radi zikianza kunguruma chomoa kebo ya WAN, si adapta peke yake.

#26 Mpangaji_Juu

Imeshuka. Nimeifunga na kamba za plastiki, bila kuikaza.